Mwanya Kati ya Nguzo na Mlango

Khatorsar, 9 Januari 2011

Kwa Liyaqat mwana wa Bashir, mpiga picha, Jaipur.

Mimi ni Sugni Devi, mjane wa Seth Kishanlal, wa haveli, lile jumba lenye milango ya buluu. Kama umenisahau, marehemu baba yako angekukumbusha. Ndiye aliyetupiga ile picha ndefu ya ukumbini, kwa kamera ya mbao iliyofika hapa juu ya ngamia. Nawe ulikuja naye, mtoto wa kamasi, ukala vitamu vyetu vya ladu mpaka ukatapika kando ya kisima.

Desturi yetu unaijua: kila kizazi, picha moja. Wachumba wakija kuuliza binti wa nyumba hii hatuwaonyeshi dhahabu, tunawasimamisha mbele ya picha. Aliyemo ni wetu. Asiyemo alikuwa mpita njia. Na mtoto huhesabiwa kwa yule aliyempakata. Mapaja ndiyo mahakama yetu.

Sasa zamu imefika. Baada ya sikukuu ya Holi ukoo wote utakuja, wa Surat na wa Kolkata, na shemeji yangu mkubwa Harnarayan ambaye roho yake imeshikwa kwa uzi mmoja. Nataka watu wote wakae uani, picha iwe pana kama ya baba yako.

Ila mmoja sitaki abaki. Ni Mohri, mjane wa mwanangu Mahavir. Mguu wake ulipoingia hapa na kifo kiliingia nyuma yake. Hakuzaa mwana, amezaa kibinti kimoja, Tija, chenye macho kama ya mamaye. Kumfukuza siwezi maana Harnarayan anampenda kwa ajili ya marehemu, na maadamu mzee yu hai yeye ndiye sauti. Kumnyima kiti siku hiyo siwezi pia, ukoo mzima utanisema. Basi nataka akae, aonekane amekaa, ampakate mwanawe, ashukuru, halafu picha ikija wasiwepo. Nitasema mashine imewakataa. Watu wetu ukiwatajia mashine wanaamini kila kitu.

Nasikia una kamera mpya inayofanya maajabu. Hili inaliweza? Jibu kwa barua. Simu za nyumba hii zina masikio ya watumishi.

Sugni Devi


Jaipur, 17 Januari 2011

Bi Mkubwa Sugni Devi, shikamoo.

Zile ladu nazikumbuka, na kisima nakikumbuka zaidi.

Linawezekana. Niruhusu nieleze, usije ukadhani nakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kamera yangu ni ya mvukuto kama ya baba, ila nyuma, pale alipokuwa anachomeka kioo, mimi nachomeka bamba la dijitali dogo kuliko kiganja chako. Bamba hilo haliwezi kumeza ua mzima kwa mara moja. Kwa hiyo lenzi inabaki palepale, haitikisiki, na bamba ndilo linalotembea nyuma yake juu ya reli. Napiga kushoto, nalisogeza napiga katikati, nalisogeza napiga kulia. Vipande vitatu naviunga kwenye kompyuta. Kwa kuwa lenzi haikusogea, mshono hauonekani hata kwa jini. Na lenzi yenyewe naipandisha juu bila kuinamisha kamera, ndiyo maana nguzo zangu husimama wima wakati za wenzangu zinalala kama walevi.

Sasa, kila kipande hulalia kidogo ubavu wa mwenzake. Nikilisukuma bamba kupita alama, ulalio haupo, unabaki mwanya. Kinachoangukia mwanyani hakipigwi. Pale uani kwenu, kati ya nguzo ya pili na mlango wa jikoni, kuna ukuta mweupe mtupu wa upana wa kiti kimoja. Nakumbuka kutoka picha ya baba. Ukipungua hapo, hakuna atakayejua. Mwekeni mama na mtoto wake hapo.

Jambo moja nataka tuelewane. Mimi picha sipaki. Baba aliniusia kwamba mpiga picha anayegusa brashi ni mchoraji mwoga, na sijawahi kugusa. Mwanya si uongo. Mwanya ni mahali ambapo sikuangalia.

Ombi langu ni dogo. Vile vyumba vya juu vyenye kuta zilizochorwa, ulivyofunga tangu Seth afariki, hakuna mpiga picha aliyewahi kuviona. Nifungulie baada ya kazi. Nina maonyesho Delhi mwakani na sina cha kuwaziba mdomo washindani wangu.

Liyaqat Bashir


Khatorsar, 20 Februari 2011

Kaka Liyaqat,

Nimesikia ni wewe unayekuja kutupiga, nikacheka peke yangu jikoni hadi mpishi akadhani nimepagawa. Kaka yangu, mwenye kamera! Yule yule aliyekuwa utotoni anajificha nyuma ya mama yake nikitaka kumfunga uzi wa rakhi, ule wa kumfanya ndugu, kwa sababu aliuogopa mkono wangu wenye nge. Nge bado yupo, Kaka. Bibi yangu alinichora chale kwa sindano na moshi wa taa, hafi huyu mpaka nife mimi. Na uzi nimekutumia kila mwaka, hata mwaka ule Mahavir alipofariki, hata baada ya kunyang'anywa simu.

Maana simu walinichukua. Maaji, huyu mama mkwe wangu, alisema mjane anazungumza na nani. Barua hii ataipeleka posta mwana wa muuza maziwa, kwa ajili ya gheva moja, kitamu cha samli, niliyoiiba kwenye sinia la wageni. Nimekuwa mwizi wa vitamu kwa umri wangu huu.

Nina haja moja, nami sikupi maneno mengi. Nikalishe mahali ambapo Tija ataonekana. Mimi uso wangu utakuwa chini ya mtandio kama wa wanawake wote, sijali, nifanye nguzo ukitaka. Lakini mtoto hajitandi. Uso wake ukiwa wazi pichani, juu ya mapaja ya mama yake, hakuna mtu wa nyumba hii atakayeweza kesho kusema hamjui, na hakuna atakayeweza kunitoa mimi nikamwacha. Mzee Harnarayan akiondoka duniani, Maaji hatanipa hata siku ya kukunja nguo. Picha ndiyo kinga yangu pekee. Nimemwambia Tija asifumbe macho, anafanya mazoezi mbele ya sufuria.

Unaijua shida yangu. Kama si ndugu, nani?

Dada yako Mohri


Jaipur, 2 Machi 2011

Dada Mohri,

Uzi wako wa mwaka jana bado uko kwenye mfuko wa kamera, umechakaa lakini sijautupa.

Ondoa wasiwasi. Nimeshaupima ua wote kichwani. Wewe na Tija mtakaa kati ya nguzo ya pili na mlango wa jikoni. Nitaweka mto mwekundu kwenye kiti hicho ili usikosee. Pale ndipo mahali pa heshima, dada yangu. Mwanga wa asubuhi unatua hapo kabla ya kwingine, na lenzi yangu naielekeza hapo kwanza. Mtu akikuuliza mwambie mpiga picha kasema.

Utulie tu, na mtoto atulie. Mengine niachie mimi.

Kaka yako Liyaqat


Jaipur, 25 Machi 2011

Bi Mkubwa,

Imekwisha. Nimeviunga vipande jana, na nakuandikia kabla sijakunywa chai. Kati ya nguzo na mlango pamefungana kama tango lililokatwa likarudishwa. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia mimi mwenyewe, fundi wa kazi, nisione palipounganishwa. Mjane wako hayupo.

Samahani sikukuaga vizuri. Siku ile nilikuwa na kichwa chini ya kitambaa cheusi nusu ya asubuhi, na kwenye kioo cha kamera mnaonekana miguu juu vichwa chini, wanawake wote mmejitanda, nikawa natambua watu kwa rangi za nguo. Mitandio ya kahawia, ya ujane, ilikuwa miwili tu, wako na wake. Niliangalia kiti chenye mto mwekundu, nikaona kahawia imekaa, nikapiga. Yule mwanamke alikuwa anakohoa sana na kupigapiga mkono kwenye nguzo, nikadhani vumbi. Shemeji yako Bwana Harnarayan alimtazama mara moja tu.

Jambo moja limenishangaza, na nakuvulia kofia. Tulipatana mama na mtoto wote waanguke mwanyani. Kumbe wewe umemwita yule kibinti ukampakata mwenyewe kwenye kiti kikubwa cha katikati! Ametoka vizuri, macho wazi, anatazama lenzi kama hakimu. Nikasema moyoni, huyu bibi ni mwanasiasa. Mama katoweka, mtoto yuko mapajani mwa bibi yake, ukoo mzima utakusifu huruma. Kwa desturi yenu sasa mtoto ni wako.

Nangoja ufunguo wa vyumba vya juu.

Liyaqat Bashir


Khatorsar, 30 Machi 2011

Liyaqat,

Wewe ni punda, na baba yako alikuwa punda kwa kukuzaa. Aliyekaa kwenye mto mwekundu ni mimi.

Soma tena, polepole, maana naona macho yako yanahitaji muda. Ni mimi. Watu walipokwisha kupangwa, na Harnarayan ameketi, yule nyoka akamnong'oneza mwanangu mdogo Bansi, shemeji yake wa utani, anayecheka naye bila kujitanda. Bansi unamjua, mdomo kama kengele ya hekalu. Nawe ulikuwa umetoka nje kufuata vyombo vyako. Akasimama katikati ya ua akapaza sauti: "Jamani! Shemeji anasema mpiga picha kamwambia kiti kile chenye mto mwekundu ndicho cha heshima. Anasema yeye ni nani akae cha heshima, mama mkwe wake akiwa hai? Mama, shemeji anakupisha! Nani kasema wakwe hawapendani?" Watu wakapiga makofi. Wa Surat walilia machozi. Harnarayan akasema, "Binti amelelewa. Sugni, nenda ukae. Na wewe binti kaa kile kikubwa, kiti kitupu pichani ni mkosi."

Ningesema nini? Tangu siku niliyoolewa sijawahi kunyanyua ushungi wala sauti mbele ya kaka wa mume wangu. Nikiwa bibi arusi sikusema, nikiwa nazika mume sikusema, nianze leo, kwa sababu ya mto? Na niseme nini, kwamba kiti hicho nilikitega mwenyewe? Nikakohoa. Nikagonga nguzo hadi bangili zikaniumiza. Mpiga picha wangu, niliyemwita kwa wino wangu mwenyewe, akatoa kichwa kwenye kitambaa akasema, "Mama wa pale kwenye nguzo, tulia kidogo, unatikisika."

Mama wa pale kwenye nguzo!

Aliyepakata mtoto ni mamaye. Kiti ni changu, aliyekikalia ni yeye. Mimi, niliyeolewa hapa kabla kuta hazijapakwa chokaa, sipo kwenye picha ya nyumba yangu. Mchimba kaburi huingia mwenyewe, sawa, lakini sepetu ulishika wewe.

Mzee alirudi Kolkata na mafua. Akipona, nitawaita wote tena na utapiga upya bila kunidai hata asante. Picha hiyo usimwonyeshe mtu. Vyumba vya juu usiviote hata usingizini.

Sugni Devi


Khatorsar, 3 Aprili 2011

Liyaqat,

Sikuiti Kaka. Utaniwia radhi, kalamu imekataa.

Unataka kujua nilijuaje? Uliniambia mengine nikuachie wewe, ndipo nikaanza kuogopa. Siku moja kabla ya picha ulipokuwa unajaribu kamera yako, nilimtuma Tija akakae kwenye mto wako mwekundu, aone kama ni mlaini. Uligeuka kumwita mtumishi, naye akakimbia kutazama ile kompyuta. Akarudi ananiambia, "Mama, nguzo ipo, mlango upo, mimi sipo. Nimeenda wapi?"

Mtoto wa miaka saba alikuwa ananiuliza ameenda wapi, na mjomba wake yuko pale anafuta lenzi kwa kitambaa laini.

Usiku ule sikulia. Nilipika mkate wa mtama wa ukoo mzima huku nawaza nitasema neno gani, na kwa mdomo wa nani. Heshima uliyoniahidi nikampa mwenyewe aliyeitengeneza. Sikumwonea. Kila neno nililomwambia Bansi lilikuwa lako, niliazima tu.

Sasa najua umeshaiona picha. Tija yuko? Macho yake yamefumbuka? Hilo tu niandikie, kwa neno moja, kisha tusijuane. Na nge wangu, yuko? Nilimwekea Tija mkono ule begani makusudi. Uso wangu hawataujua chini ya nguo, lakini mkono huu Khatorsar nzima inaujua. Wanawake wengine wa nyumba hii mikono yao mitupu, Maaji huita chale uchafu wa washamba.

Mohri


Khatorsar, 28 Aprili 2011

Liyaqat,

Harnarayan amefariki. Tumemaliza siku za msiba. Kwa hiyo picha mpya haitakuwepo, maana picha ya kizazi bila mkubwa wa kizazi si picha, na watu hawatatoka Kolkata mara mbili kwa ajili ya chuki zangu.

Nimekaa siku nyingi kitandani nikiwaza. Hasira ni kitu cha vijana, huwaka na kuisha. Nimeichukua ile barua yako ya kijinga nikaisoma tena, na ndani ya ujinga wako nikakuta lulu, kama kuku anavyopekua jaani. Wewe mwenyewe, fundi wa kazi, mwenye kioo cha kukuzia, ulimwona mwanamke wa kahawia kwenye kiti changu ukasema ni mimi. Basi ni mimi. Nani atabisha? Kiti ni changu, mtandio ni wa mjane, uso haupo. Harnarayan aliyetupanga yuko kwenye majivu. Wa Surat na wa Kolkata wako mbali, na waliobaki hapa wanakula mkononi mwangu. Bansi hakumbuki hata alichokula jana, nimeshamwambia mara tatu nilikaa kati na sasa anahadithia wageni alivyoniona.

Na umesema kweli lingine: mtoto ni wa aliyempakata. Basi nimempakata. Tija ni wangu, nitamlea, nitamwoza, na pichani hana mama. Anaye bibi.

Mohri nilimpeleka Vrindavan jana, kwa wajane wenzake, akaimbe nyimbo za Mungu mpaka achoke. Nilimwonyesha desturi, sikumtukana. Nilimwambia, ulitaka mwanao abaki pichani, amebaki. Ulinipa kiti cha heshima mbele ya watu nami sikukataa, na wewe usikatae. Mtoto alishika nguzo ya mlango, ikabidi mpishi amfungue vidole kimoja kimoja. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema. Mimi nimempunguzia nundu.

Limebaki jambo moja. Begani kwa mtoto upo mkono, niliuona siku ile nikiwa pale kwenye nguzo, na mkononi yupo nge. Mimi sina nge. Mtoe.

Najua utaniletea wasia wa baba yako. Baba yako amekufa, Liyaqat, na ufunguo wa vyumba vya juu uko kiunoni mwangu.

Sugni Devi


Vrindavan, 19 Mei 2011

Liyaqat,

Barua hii inaandikwa na mjane mwenzangu kutoka Bengal, mimi namtajia maneno. Anaandika na kulia, nimemwambia asiloweshe karatasi.

Nilisema tusijuane. Nimerudi kwako hata hivyo, maana mwenye kiu hachagui kisima. Sikuombi unirudishie mtoto, huna uwezo huo. Sikuombi useme ukweli, huna tabia hiyo. Naomba usifanye kitu. Hilo ndilo ombi lote. Usiguse mkono.

Maaji alinishika kiganja siku ya kuondoka, akamtazama nge muda mrefu, akatabasamu. Nikajua anawaza nini. Wewe ulikuwa unajisifu tangu ujana kwamba hujawahi kupaka picha. Shika hilo basi. Sikudai undugu, nakudai majivuno yako tu. Tija akikua atasimama mbele ya picha ile. Watamwambia mwanamke yule ni bibi yake, naye ataangalia begani kwake, atamwona nge, atajua kuna mtu alimshika. Hilo linanitosha. Nimejipima, linanitosha kuishi.

Mohri


Jaipur, 11 Juni 2011

Bi Mkubwa Sugni Devi, shikamoo.

Picha inakuja na lori la Bwana Saini, imefungwa kwa mablanketi. Msiiegemeze ukutani upande wa jua.

Mkono ni safi. Nimefanya mwenyewe, sikumpa msaidizi. Nilichukua ngozi ya mkono ule ule, ya pembeni, nikaivuta juu. Kazi ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Ilikwisha kabla ya chai kupoa.

Nitafika mvua zikianza. Nitahitaji madirisha yafunguliwe na mtu wa kufagia popo.

Liyaqat Bashir


Khatorsar, 21 Agosti 2011

Mama,

Naandika mwenyewe. Kama kuna makosa usicheke. Baba mdogo Bansi amesema ataitia posta ila nisimwambie mtu.

Mimi mzima. Nimehamia chumba cha Bibi. Anakoroma. Ananipa maziwa yenye zafarani na amenitoboa pua, iliuma kidogo. Akija mgeni ananipeleka ukumbini kwenye picha kubwa. Mimi niko katikati kabisa, Mama, sikufumba macho. Watu wote wanasema bibi yako anakupenda jinsi alivyokupakata.

Nilimwambia Bibi ni wewe uliyenipakata. Akasema nilikuwa mdogo, nimesahau. Nikamwambia sikusahau, mkono wa mama yangu una nge. Hakunipiga. Alileta kigoda na taa, akasema panda, tafuta, ukimwona huyo nge nitamwita mama yako arudi kesho.

Nilitafuta sana Mama. Nilitafuta kwenye mkono na kwenye bega langu na kwenye mikono ya watu wote. Nilirudi tena jana na juzi.

Mjomba Liyaqat yupo hapa, anapiga picha vyumba vya juu. Nikamuuliza yeye maana ndiye aliyepiga. Akasema kamera haisemi uongo, akanipa peremende, akapanda ngazi.

Mama, nge hayupo. Kweli ulikuwa naye?

Tija